Kabla Hajaniaga Mimi

Alhamisi, tarehe 22 Februari. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka, ile mvua nyembamba ya kwetu isiyo na haraka, na ukungu ulishuka mpaka kwenye mahindi. Baridi. Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile, kisha nikaongeza kwamba mwanangu ameondoka mapema kwenda Milepa kumuaga shangazi yake. Niliandika kwa furaha. Nikitazama sasa naona hata herufi zimenyooka.

Nataka kuiandika siku ile yote, maana nawasikia watu hapa Kasense wakiisimulia kila mtu kivyake, na wengine wananifanya mimi kuwa mwerevu. Sikuwa mwerevu. Nimeishia darasa la saba, naandika kwa sababu nimezoea tu, na sina uhakika kama nitaipanga ilivyotokea. Nitajaribu nisimuonee mtu.

Kwetu mtu hasafiri mpaka aachiliwe. Sijui kama Wafipa wote wako hivyo, naandika ukoo wa marehemu mume wangu. Ukitaka kwenda mbali unamfuata kila mkubwa wako kwake, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasema nimekuja kuaga. Mkubwa anakuuliza habari za safari, anakupa unga kidogo wa ulezi au yai la kuchemsha, anakushika mkono, halafu anasema, "Nenda." Kabla hajasema nenda, wewe bado uko. Hata kama umeshakata tiketi, bado uko. Kijana anayeondoka bila kuaga tunasema amelelewa na redio.

Basi mwanangu alipoanza kuaga, nilijiona nimelea.

Alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, mkoa wa mbali. Mwanzoni mwa mwezi ule alishuka kwenye basi la jioni bila kupiga simu, na begi moja lililofungwa vizuri. Nikamuuliza, chuo kimefungwa? Akasema amepewa mapumziko mafupi. Sikumuuliza amepewa na nani. Alikuwa amekonda, lakini wanafunzi wote hukonda, wanakula chipsi. Nilisema ugali utamrudisha.

Ugali haukumrudisha. Alikuwa anakula kama mtu anayemstahi mpishi, matonge mawili matatu, anashukuru, ananawa. Mchana alilala. Akiamka alikaa nyuma ya jiko akitazama shamba, kule tulikokuwa tunafukia majani ili yaoze tupate matuta ya mwaka ujao. Siku nyingine alichukua jembe akafukia na sisi, tuta baada ya tuta, bila kupumzika wala kusema neno. Matuta yetu ni ya duara, na ukungu ukishuka yanafanana na kitu ambacho sipendi kukitaja. Niliwahi kumkuta amesimama katikati yake, jembe begani, ametulia kabisa. Nikamwita. Alikuja, akatabasamu. Nikaona ni uchovu.

Watu hawakukosa maneno. Kijiweni kwa bodaboda walikuwapo wenzake wa shule ya msingi.

"Msomi, mambo?"

"Poa."

"Vipi, umedisko nini? Karibu kijiweni mshikaji, huku hakuna mitihani ya sapu."

Walicheka naye, na yeye akacheka. Nilikuwa dukani pale jirani nanunua chumvi, nikakisikia kicheko chake. Kilianza vizuri halafu kikakatika, kama koki maji yakiisha. Ila wale vijana hawakuwa na ubaya, ndivyo wanavyosemeshana. Na mwanangu hakuwa amedisko, yaani hakufukuzwa kwa kufeli, nilikuja kuambiwa baadaye. Masomo yake yalikuwa mazuri mpaka siku aliyoyaacha.

Wa kwanza kuagwa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye nyumba yake tumepakana na ndiye mkubwa wetu tangu mume wangu afariki. Alikuja kwangu jioni ya siku aliyoagwa, kifua mbele.

"Shemeji, yule kijana tumemlea. Amechuchumaa mpaka chini. Siyo hawa wa siku hizi wanaokuaga kwa meseji wakiwa wameshafika."

"Amesema anaondoka lini?"

"Hakusema. Mimi nimempa nenda yake."

Baada ya hapo mwanangu akaenda Kaengesa kwa babu yake. Babu aliomba simu ya jirani ili anisifie. Alisema mjukuu amemfyekea uwanja, amechuchumaa, ameaga, na amemwachia saa yake ya mkononi. Nikasema ni mapenzi hayo, babu. Babu hasikii vizuri, akasema saa inatembea, inatembea vizuri sana.

Mimi nikanunua karanga za kumkaangia njiani. Nikamuuliza, "Unaondoka lini, baba?"

"Karibuni, mama."

"Siku gani?"

"Nikimaliza kuaga."

Sasa hapo nimepafikiria sana. Mama mwingine labda angesikia kitu. Mimi nilisikia adabu.

Jumanne ya wiki ile simu yangu ilikuwa kwa shemeji inachajiwa kwenye sola yake. Aliniletea huku anacheka.

"Tapeli mwingine. Mwanamke, sauti laini. Eti ni mshauri wa wanafunzi huko chuoni, anataka kujua hali ya kijana. Nikamwambia dada, hela ya kutuma kwa namba hii hatuna, jaribu Mbozi kwenye kahawa."

"Akasemaje?"

"Akaanza kusema tafadhali. Nikakata. Mshauri wa wanafunzi ndiyo nini? Mwanafunzi anashauriwa na kitabu."

Simlaumu shemeji, na ninaomba anayesoma asimlaumu. Kuna mwaka walimpigia wakamwambia binti yake ameanguka bwenini yuko hoi, naye akatuma hela ya mbolea yote. Binti alikuwa darasani anaandika. Mtu aliyeumwa hivyo akisikia sauti ya mgeni inauliza habari za mtoto, atafanya nini? Hata mimi nilicheka.

Alhamisi, mvua ikiwa bado, simu ililia mkononi mwangu.

"Shikamoo mama. Mimi ni yule niliyepiga juzi. Naomba usikate."

"Marahaba. Ukitaka hela sema mapema."

"Sitaki hela. Mwanao aliandika namba yako, kwamba ndiyo ya kupiga ikiwa tutamkosa. Tumemkosa."

Nilikaa juu ya kinu. Alinieleza polepole, kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Chuoni kwao kuna ofisi ya ushauri nasaha, mwanafunzi mwenye mzigo moyoni anakwenda kukaa na mshauri na kuzungumza. Mwanangu alikuwa anakwenda kila wiki. Halafu akaacha, na wenzake wa chumbani wakasema ameondoka na begi.

"Amewahi kukwambia nini?" nikamuuliza.

"Aliyoniambia humu ndani ni siri yake, mama, sitayasema. Ila nikiona maisha yake yako hatarini naruhusiwa kumwambia mzazi, na ndiyo maana nimepiga. Analala?"

"Mchana. Usiku namsikia anageuka."

"Anakula?"

"Kidogo."

"Ameanza kugawa vitu vyake?"

Nikasema hapana. Halafu nikakumbuka saa. Nikasema saa tu, kwa babu yake.

"Kuna watu anaowaaga?"

Nikajibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Anaaga vizuri sana. Ukoo karibu wote umeagwa. Hapa ninavyoongea yuko njiani kwenda Milepa kwa shangazi yake."

Nilikuwa nasikia mvua kwenye bati, sijui kwake au kwangu.

"Anaaga anakwenda wapi, mama?"

"Si anarudi huko kwenu."

"Huku hajaomba kurudi. Hakuna anayemtarajia." Akavuta pumzi. "Nani amebaki hajaagwa?"

Nikawapitisha kichwani mmoja mmoja. Shangazi. Halafu mimi.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka yeye alisema nini, kwa sababu alirudia. Asiwe peke yake. Nimfikie, na nikimfikia nimuulize wazi kama anataka kufa, kwa maneno hayo hayo, nisizunguke. Nikamwambia dada, si nitamtia wazo? Akasema kuuliza hakumtii mtu wazo, kunamfungulia mlango. Sikumwamini kabisa. Lakini yeye alikuwa amewahi kufanya hivyo na mimi sikuwahi.

Nikampigia wifi yangu wa Milepa. Kule bondeni mtandao ni wa bahati, nao siku ile ulikuwapo.

"Wifi, mwanangu anakuja kukuaga. Usimwambie nenda."

"Kwa nini, ameiba?"

"Hajaiba. Nakuja mwenyewe, nitakueleza."

"Sasa atachuchumaa hapa mpaka jioni kama kuku anayeatamia?"

"Mwambie chochote unachotaka. Neno hilo moja tu lisikutoke."

Wifi ni mtu wa maneno mengi. Alipokaa kimya nikajua amenielewa. "Hajafika bado," akasema. "Akifika nitamshika."

Pikipiki iliyokuwa karibu ilikuwa ya jirani yetu mfugaji. Yeye na watu wake walikuja kutoka Usukumani, wana ng'ombe wengi, wanalima mpakani mwetu. Hapa inabidi niseme ukweli. Tangu kijana arudi kimya, shemeji alikuwa ananong'ona kwamba amelogwa, na uchawi umetoka kwenye boma la yule mfugaji, kwa sababu ya ugomvi wa maharage. Je, mimi niliamini? Kidogo, ndiyo. Ng'ombe wake walikula maharage yangu na kuomba kwake radhi hakukuniridhisha. Lakini maharage ni maharage.

Shemeji alinikuta namvizia mfugaji mlangoni kwake. "Utapanda pikipiki ya huyo huyo?"

"Yenye mafuta ndiyo hiyo, shemeji."

Mfugaji alimsikia. Aliniwekea gunia kwenye kiti ili nisilowe, akaniita mama kwa lugha yao, "Mayu, shika hapa. Njia ya kushuka leo imekuwa sabuni."

Nilikuwa natazama kila mtu tuliyempita. Kila mwenye koti jeusi kama lake alikuwa mwanangu, halafu hakuwa. Tulipofika ukingoni mwa bonde ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, barabara inaonekana kipande kidogo halafu inaisha, na upande wa kulia hakuna kitu kabisa, weupe tu. Mfugaji alikuwa anashuka na miguu yote miwili chini, akikwaruza tope. Nilikuwa nikitazama ule weupe wa upande wa kulia na kuwaza kwamba mwanangu amepita hapa peke yake.

Katikati ya mteremko, bila mimi kumuuliza, akasema, "Mdogo wangu yeye aliaga ng'ombe. Zizi zima, mmoja mmoja, kwa majina. Sisi tukacheka."

Hakumalizia. Na mimi sikumuuliza mwisho wake.

Chini kulikuwa na joto na mvua ilikuwa imekatika. Tulipoingia kwa wifi kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vya mwanangu, vimetundikwa kwenye uzio, vinachuruzika maji. Viatu vyenyewe, bila mtu.

"Nimezifua," wifi akapaza sauti kutoka jikoni. "Raba zilikuwa chafu."

"Zilikuwa safi, shangazi." Ilikuwa sauti yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, pekupeku, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Safi kwa kwenu huko juu." Wifi akanigeukia, uso unacheka, macho hayacheki. "Amekuja kachuchumaa. Nikamwambia mimi siagwi na mwenye njaa, akala. Nikamwambia siagwi mvua ikinyesha, mvua nayo ikaniangusha, ikakatika. Nikamwambia siagwi kabla mchele haujaisha. Unaliona gunia hilo? Hilo litanifikisha Pasaka."

Mwanangu aliniona, akamwona na mfugaji nyuma yangu, akatazama chini. Alijua. Hakusema umefuata nini.

Wifi alimwita mfugaji akanywe maji upande wa pili. Nikachukua ungo wa pili, nikakaa karibu naye, tukachambua. Nilitafuta namna ya kuanza. Niliongea habari za barabara. Niliongea habari za babu. Kila nilipokaribia, neno lilirudi tumboni. Mwishowe nikakumbuka yule dada alivyorudia, nikasema bila kumtazama.

"Baba, unataka kufa?"

Mikono yake haikusimama. Alitoa jiwe, akatoa lingine, akayapanga pembeni.

"Nimechoka, mama."

"Hilo nimeliona. Nimeuliza lingine."

Akaendelea kuchambua mpaka nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, "Nilikuwa nimebakiza watu wawili. Kwako nilikuwa naogopa, maana nilijua utauliza siku."

Nilitaka kupiga yowe. Sijui kwa nini sikupiga. Labda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inachambua, nikaona nikipiga yowe itaacha.

"Mimi sikuachilii," nikasema. "Siyo leo, siyo kesho. Hata uje uniage mara mia, mimi neno hilo sina."

Ungo wake uliteremka ukakaa chini, na kichwa chake kikaja kikakaa begani kwangu, kizito kama alipokuwa mdogo, akiugua degedege.

Tukampigia yule dada. Alizungumza na mwanangu, naye akasogea mwisho wa uwanja kunakoshika mtandao. Nilisimama mahali ninapomwona na nisipomsikia, maana nilikuwa nimeshaelewa kwamba kuna maneno ambayo ni yake. Nilimwona mgongo. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akakaa chini kwenye tope pale pale na mabega yakaanza kumtetemeka. Wifi alitaka kwenda, mfugaji akamwambia, "Mwache atoe."

Halafu nikapewa simu mimi. Usiku huo asiachwe peke yake hata kidogo. Chochote cha kudhuru kitoke ndani ya nyumba. Kesho asubuhi hospitali ya mjini, yeye atawapigia watutarajie. Nafasi yake chuoni ipo, na kiti chake ofisini kwake kipo, ila hayo ni ya baadaye. Atapiga kila siku. Ni kweli amekuwa anapiga, na hospitali tunakwenda mpaka leo ninapoandika, ingawa siwezi kusema imekwisha, wala wao hawajaniambia imekwisha.

Nilimweleza yule dada habari ya nenda, na wifi alivyomshika kwa gunia la mchele. Nilidhani atacheka, mtu wa chuo kikuu.

"Hilo sikulijua, mama," akasema. "Endeleeni nalo. Lakini hospitali msiiache."

Tulipanda tukiwa watatu kwenye pikipiki moja, mwanangu katikati, viatu vyake vibichi mkononi mwangu. Wifi alinisukumia kambale wa kubanika kwenye jani la mgomba. Mfugaji alisema polisi hawakamati mshikaki wa watu kwenye mvua, wao pia wana baridi. Mwanangu alitoa sauti kidogo, kama kicheko. Tulipoingia kwenye ukungu nilimshika kiuno kwa mikono miwili na sikumwachia mpaka Kasense.

Shemeji alikuwa barazani kwangu anangoja. Nilimwambia yote, mbele ya mfugaji, sikuficha hata lile la simu aliyoikata. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Mimi nilimwambia nenda," akasema. Akarudia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi nilimwambia nenda."

Kisha alifanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwetu. Mtu mzima yule akachuchumaa mbele ya mtoto wa kaka yake, akapiga makofi taratibu. "Ile nenda niliyokupa naichukua," akasema. "Sijakuruhusu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akainuka kwa shida. Akazunguka nyumba yangu, ghala na jiko, akikusanya vitu na kuvifunika kwa koti lake, akavihamishia kwake bila kusema ni vitu gani. Na mimi sikuuliza. Hata hivyo shemeji hakumsalimia mfugaji, lakini alimshikia pikipiki ilipokwama kwenye tope wakati wa kugeuza. Nimeona ni haki niliandike hilo.

Ilikuwa imebaki nenda ya babu. Tulipiga simu ya jirani yake wa Kaengesa, haikupatikana. Tukapiga tena, haikupatikana, na mvua ilikuwa imeanza upya, barabara isingepitika. Shemeji akasema tutamfuata ikikauka. Kwa hiyo giza liliingia huku mwanangu akiwa na nenda moja bado mkononi. Nilimwona anatazama kifundo cha mkono wake karibu na moto, pale ilipokuwa saa, ngozi ikiwa nyeupe kidogo. Nikahamishia kigoda changu mlangoni.

Jioni tulikula ugali wa ulezi, kambale wa shangazi na majani ya maboga. Shemeji alikula nasi. Zile karanga za safari nilizitwanga zote nikazitia kwenye mboga.